Mkurugenzi Aliyevuta Watoto wa Watu

Hapo kale, yaani si mbali sana na juzi, palikuwa na nchi isiyopakana na nchi yoyote unayoijua, na ukiona inafanana na yako, yalaumu macho yako. Iliitwa Jamhuri ya Maandalizi. Watu wake walikuwa wapole, wakarimu, na hodari wa kujiandaa. Waliandaa mikutano ya kuandaa semina, na semina za kuandaa warsha, na warsha zikiisha walipumzika ili kujiandaa upya.

Umeme wa nchi hiyo ulitoka kwa Bibi. Bibi alikuwa jenereta, mkubwa kama godauni, aliyekunywa dizeli bila kupumzika na kukohoa moshi mweusi mpaka kunguru wa mji mkuu wakapoteza zile shingo zao nyeupe. Sasa ikatokea dunia ikakutana kuzungumzia moshi. Rais wa nchi hiyo, Mtukufu Baba Mwandalizi, hakuwa mtu wa kukubali kupitwa. Alisimama akaahidi kwamba Maandalizi itaacha moshi kabla ya nchi nyingine zote, zikiwemo zile ambazo hazikuwa na moshi tangu mwanzo. Alipigiwa makofi mengi, na wahisani wakaleta meli nzima ya paneli za sola.

Paneli zikapangwa kwenye ghala la wizara, na ghala lilipojaa zikapangwa barabarani. Wananchi, ambao si watu wa kuacha kitu kikae bure, wakazianikia dagaa. Wengine walizifanya meza za kuchezea karata, wakazisifia kwamba hazichubuki. Jambo moja tu halikufanyika, nalo ni kuzipandisha juu ya paa na kuziunga waya, kwa kuwa kazi hiyo ilitaka fundi, na katika Jamhuri ya Maandalizi hapakuwa na mzazi aliyekubali kuzaa fundi. Wote walizaa wanasheria, maafisa na wenyeviti. Mafundi wachache waliokuwepo walikuwa wametokea kwa bahati mbaya, na walikuwa wameshazeeka, magoti hayapandi tena.

"Vijana wavutwe!" akaagiza Baba Mwandalizi.

Ndipo ikaundwa Idara ya Kuvutia Vijana Kwenye Ufundi, na mkurugenzi wake akawa Bwana Hemedi Kilindo, mtu mwema, mwenye tumbo la heshima na sauti ya kusomea taarifa ya habari. Ufundi aliupenda kwa moyo wote, kwa mbali. Nyumbani kwake picha za ukutani zilikaa sakafuni, zimeegemea ukuta, kwa sababu tangu ahamie hapo hajapatikana mtu wa kupiga msumari.

*

Kampeni ilizinduliwa kwa kishindo. Bango kubwa lilimwonyesha mpwa wa Waziri akitabasamu ndani ya shati jeupe, mkononi kashika koleo la kugeuzia mishikaki, maana wizara nzima ilipekuliwa isipatikane spana. Chini yake paliandikwa: FUNDI NI ALMASI.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ngwembele, Waziri wa Jua, Upepo na Mambo Yanayofanana Nayo, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Fundi ni nani? Narudia, fundi ni nani? Fundi ni nguzo! Fundi ni dira! Fundi ni chachu, ni mhimili, ni ukurasa wa pili!" Akafunua ukurasa wa pili. "Bila fundi, ndugu zangu, hata jua lenyewe linachomoza kwa hasara!"

Umati ukashangilia. Waziri akakabidhiwa spana iliyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo, imefungwa utepe. Aliipima uzito, akainusa, kisha akamwinamia Hemedi akamnong'oneza, "Hii inawashiwa wapi?"

Hemedi alicheka kidogo kwa adabu, kwa sababu na yeye hakujua.

Vijana waliofika walikuwa wengi kuliko viti. Walitazama kwa makini sana. Waliona kwamba waliokuwa wakizungumzia ufundi walikaa kivulini, wakanywa soda baridi, wakapewa mikoba na posho, na waliposhuka jukwaani walifunguliwa milango ya magari. Waliona pia wale wazee wawili waliofunga vipaza sauti, ambao ndio waliokuwa mafundi hasa. Hao walikuwa nje ya uzio, juani, kwa kuwa hawakuwa na kadi za mwaliko. Kijana si kipofu. Siku hiyohiyo vijana wa Maandalizi walivutika vibaya sana, kila mmoja akataka kuwa mhamasishaji wa ufundi.

Serikali haikuwaangusha. Kilifunguliwa Chuo cha Taifa cha Uhamasishaji wa Ufundi, na baada ya muda mitaa ikajaa wahitimu wenye tai na helmeti za njano, wakipita nyumba kwa nyumba kumwambia kila waliyemkuta kwamba ufundi unalipa. Waliyemkuta naye alikuwa mhamasishaji, amevaa helmeti yake, kwa hiyo walihamasishana mlangoni kwa heshima kisha wakaagana.

Ripoti ya Hemedi ilisema kampeni imefanikiwa kupita matarajio, na hakuna aliyeweza kusema amedanganya.

*

Jioni moja Hemedi alikuwa sebuleni na mkewe, Bi Zuhra, wakinywa chai. Akaingia binti yao wa pekee, Siwema, ambaye kwa habari zote za ukoo alikuwa chuo kikuu akisomea sheria. Alikuwa na grisi shavuni na bisibisi nywelini.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Hemedi, kisha akaweka kikombe chini. "Siwema! Umevamiwa?"

"Nimetoka kazini. Tumefunga paneli kwenye kinu cha kusaga cha Mtaa wa Nne. Baba, ungeuona! Mama mmoja amelia."

"Kazini wapi? Na sheria?"

"Sheria niliiacha zamani, baba. Darasani nilikuwa nasinzia. Juu ya paa mtu hasinzii, ataanguka."

Hemedi alihisi maji yamemfika shingoni. "Nani amekudanganya? Nani amekuingiza kwenye mambo haya?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Si ulisema redioni? 'Kijana, shika spana, taifa linakungoja.' Nikashika. Nikaenda kwa wale wazee wa vipaza sauti, wakanifundisha."

"Siwema!" akalia Hemedi. "Nilikuwa nasema na watoto wa watu!"

Bi Zuhra akacheka mpaka chai ikampalia. "Mkuki kwa nguruwe mtamu," akasema alipopata pumzi. "Mwanangu, hebu kabla hujafukuzwa, nitundikie zile picha."

Siwema akatoa nyundo mkobani, akazitundika. Hemedi alitazama picha ya harusi yake ikipanda ukutani kwa mara ya kwanza, na kwa muda mfupi moyo wake ulilainika. Halafu akamkumbuka shemeji yake Jaji, akamkumbuka na mke wa Rais, ambaye yeye Hemedi alikuwa ameshamwambia kwamba Siwema anasomea sheria za kimataifa.

"Mwanangu, nisikilize," akasema, na sauti yake haikuwa tena ile ya taarifa ya habari. "Mimi sikuchukii. Ila watu wa hapa unawajua. Watasema mtoto wa Kilindo shule imemshinda, mtoto wa Kilindo anabeba ngazi. Nitazificha wapi sura zetu? Nakuomba, ukitoka asubuhi vaa suti nyeusi. Vifaa vitie kwenye mkoba wa kiwakili. Ukifika huko mtaani, badilisha."

Jambo hilo lilimuuma Siwema, akairudisha nyundo mkobani.

"Sawa, baba," akasema. "Ila siku moja mtu atakuuliza mimi ni nani, na utabanwa."

Tangu siku hiyo alitoka nyumbani kila asubuhi na suti nyeusi na mkoba unaogonganagongana ndani. Majirani wakasema kweli sheria ni nzito.

*

Ikafika Siku ya Mwanga Safi. Bibi alizikwa kwa heshima zote za kitaifa. Alizimwa na Baba Mwandalizi kwa mkono wake, akafunikwa bendera, bendi ikapiga, mizinga ikalia, na shimo likamwagiwa zege ili asije mtu akashawishika kumfufua. Rais alifuta machozi. Kisha wakubwa wote wakaingia Ukumbi wa Taifa, ambao paa lake lilikuwa limepangwa paneli mpya, ili Rais abonyeze kitufe na nchi ianze maisha mapya.

Ukumbi huo ulijengwa kwa ustadi: haukuwa na dirisha hata moja, kwa kuwa ulitegemea taa na viyoyozi. Rais akabonyeza kitufe. Giza likaendelea kuwepo. Akabonyeza tena, kwa mamlaka zaidi.

"Kilindo," akasema Waziri Ngwembele gizani, "paneli ziliungwa?"

"Zilipangwa, Mheshimiwa. Kamati ilijiridhisha kwamba zimepangika."

"Ziliungwa?"

Zilikuwa hata hazijatolewa kwenye nailoni.

Waziri alizungumza polepole, kwa upole wa kutisha. Alimweleza Hemedi kwamba Rais akitoka humo ndani bila kuona mwanga, Hemedi atakuwa mlinzi wa kaburi la Bibi mpaka atakapozikwa pembeni yake. Hemedi akatoka mbio mpaka uwanjani, ambako wahitimu wote wa chuo walikuwa wamejipanga kwa mistari, helmeti zao ziking'aa.

"Vijana wangu!" akapaza sauti. "Nani atapanda juu ya paa?"

"Ni wewe!" wakaitikia kwa pamoja, kama walivyofundishwa. Kisha wakageukiana. "Simama, mwenzangu, unaweza!" "Usiogope, taifa linakungoja!" "Ndani yako kuna fundi!" Walihamasishana kwa nguvu zote, wengine mpaka wakatokwa na machozi, na hakuna aliyenyanyua mguu.

Joto lilikuwa linapanda huko ukumbini. Balozi mmoja alikuwa ameshazimia, na mwingine aliona ni adabu ya nchi ile, naye akazimia. Hemedi akatoa simu.

"Siwema, mwanangu, uko wapi?"

"Juu ya zahanati, baba. Kuna upepo mzuri."

"Njoo Ukumbi wa Taifa. Nakuomba. Baba yako anaangamia."

"Nitakuja. Ila nikija, nakuja na ovaroli. Na nikiulizwa mimi ni mtoto wa nani, utajibu wewe."

Hemedi alifumba macho. Aliiona sura ya Jaji. "Njoo tu," akasema.

*

Siwema alifika na pikipiki ya kukodi, ngazi begani. Hakusalimia itifaki. Aliitegesha ngazi kwenye ukuta wa heshima, pale pasipoegemewa na mtu tangu uhuru, akapanda. Huko juu akaanza kurarua nailoni na kutoa amri kwa kila aliyekuwa chini.

"Wewe mwenye tai, nirushie ile waya! Si hiyo, hiyo ni kamba ya kaptula ya mwanabendi! Waziri, sogeza gari!"

Waziri Ngwembele, aliyekuwa ametoka nje kuchungulia, hakuwahi kuambiwa asogeze gari, kwa hiyo hakuelewa sentensi hiyo. Spana ikaponyoka mkononi mwa Siwema, ikatua kwenye kioo cha mbele cha gari hilo.

"Si nilisema?" akasikika akisema huko juu.

Mara ya kwanza alipounga, taa hazikuwaka ila kipaza sauti kilipiga yowe, na mkuu wa majeshi akajificha chini ya meza. Siwema akatukana kwa sauti ambayo haikufaa kusikiwa na mabalozi, hata waliozimia. Akafungua, akaunga upya. Ukumbi ukawaka, viyoyozi vikavuma, mabalozi wakafufuka. Watu wakaimba wimbo wa taifa bila kuandaliwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Aletwe huyo fundi!" akasema Baba Mwandalizi.

Siwema akaletwa mbele, na grisi yake na nywele zake zilizosimama. Rais akamtazama kwa mshangao mkubwa.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Waziri Ngwembele akawahi. "Ni mtaalamu kutoka nje, Mtukufu."

Rais akatikisa kichwa kwa kuelewa, akaanza kuzungumza na Siwema kwa ishara, polepole, akionyesha taa kisha kifua chake mwenyewe. Siwema alikuwa anamtazama baba yake, ambaye alisimama nyuma ya chombo cha maua, mkubwa kuliko chombo chenyewe.

Katika safu ya pili alikaa shemeji Jaji. Pembeni yake, mke wa Rais. Hemedi alitamani zege la Bibi lingekuwa bado bichi. Lakini aliyaona macho ya mwanawe, akaona kwamba hayana hasira tena, yanangoja tu, kama alipokuwa mdogo akimngojea mlangoni mwa shule. Aliona haya, na safari hii si kwa ajili ya mwanawe, bali kwa ajili yake mwenyewe.

"Mtukufu," akasema, "si wa nje. Ni wa kwangu. Analala chumba cha pili, mkono wa kushoto. Sheria hasomi. Nilidanganya. Ni fundi."

Jaji alikohoa. Mke wa Rais alisema, "Kumbe!" Siwema alitabasamu mpaka grisi ikapasuka shavuni.

*

Hapo ingefaa hadithi iishe kwa pilau. Lakini Jamhuri ya Maandalizi ilikuwa na desturi yake ya kushukuru watu. Mtu akiifanya kazi vizuri kupita wenzake, aliondolewa kwenye kazi hiyo haraka, akapewa kiti. Mkunga bora wa taifa alikuwa katibu wa kamati ya mapazia. Golikipa wa timu ya taifa aliwahi kuokoa penalti kwa ustadi mkubwa, akateuliwa mwenyekiti wa chama cha mpira palepale, mechi ikiendelea, na goli likabaki wazi hadi mwisho. Walifungwa, lakini kwa heshima.

"Binti," akasema Baba Mwandalizi, "umeing'arisha nchi. Kuanzia sasa wewe ni Mkurugenzi Mkuu wa Mafundi Wote! Utapewa ofisi yenye zulia, gari lenye bendera, na makatibu watatu. Hutapanda paa tena maishani mwako!"

Vigelegele vikalipuka. Jaji mwenyewe akasimama kupiga makofi. Na Hemedi, nani angemlaumu, moyo wake ulirukaruka kwa furaha, kwa sababu hiyo ndiyo ndoto aliyoiota tangu mtoto huyo azaliwe: zulia, bendera, makatibu. Akamgeukia mwanawe amkumbatie.

Siwema alitazama mikono yake, akaifuta kwenye ovaroli, kama mtu aliyeambiwa hataihitaji tena. Hemedi alimwona, na furaha yake yote ikamtoka kwa mkupuo.

"Mtukufu," akasema, "naomba asipewe."

Tangu taifa lizaliwe, hakuna aliyewahi kukataa cheo. Walinzi walitazamana, hawajui kama hilo ni kosa la kukamatwa au ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali.

"Nimevuta watoto wa watu," Hemedi akaendelea, "wakavutika wote, na wote wako huko nje wanahamasishana. Aliyepanda ni huyu mmoja. Mkimpa kiti, Mtukufu, kesho nani atapanda? Mji mzima bado uko kwenye nailoni. Mwacheni mwanangu kwenye paa. Anapenda kule."

Baba Mwandalizi alichukizwa sana. Na kama wema walivyopewa viti, wakosaji nao walikuwa na adhabu yao katika nchi hiyo, ambayo ilikuwa kali na haina rufaa. Walipewa kazi.

"Hemedi Kilindo," akatangaza, "nakuvua ukurugenzi. Utakuwa msaidizi wa fundi! Utashika ngazi mpaka ujute!"

*

Hemedi alishika ngazi, akajuta wiki ya kwanza yote, hasa mabegani. Kisha akasahau kujuta. Tumbo la heshima lilimpungua. Akajifunza ncha ipi ya spana inafanya kazi, na kwamba zote zinafanya. Bi Zuhra aliwafungia vitumbua kwenye lile begi la kiwakili, na mtu akimuuliza kazi za mumewe na mwanawe, alijibu kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Paa moja baada ya jingine, mji ukaanza kuwaka. Kunguru walianza kuonyesha shingo.

Mwisho Hemedi alianza kupanda mwenyewe, kwa uangalifu, akimshukuru Mungu kila ngazi. Na bila shaka serikali haikukosa kusikia kwamba amekuwa msaidizi hodari.

Siku moja, jua likiwa utosini, baba na binti walikuwa juu ya paa la soko, wamekaa wanakula vitumbua, Siwema akimsimulia baba yake jinsi Waziri anavyoegesha gari siku hizi. Walikuwa wanacheka. Chini akatokea kijana mwenye tai na helmeti ya njano, mhitimu wa daraja la kwanza wa uhamasishaji, ameshika barua yenye mhuri.

"Mzee Kilindo!" akaita. "Hongera! Umeteuliwa Kamishna Mkuu wa Ngazi! Shuka upokee!"

Hemedi akaangalia chini, akamwangalia mwanawe. Wote wawili wakashika ngazi, wakaivuta juu.

"Mwambie hatupo!" akasema Siwema.

"Lakini nawaona!"

"Basi waambie umetuona tukiwa hatupo!" akasema Hemedi, na mdomo ukiwa na kitumbua.

Kijana alibaki amesimama. Alirekebisha tai, akasoma barua, akawatazama tena. Hakuondoka. Wale wawili walikuwa wanapunga miguu hewani na kulamba sukari vidoleni.

"Huko juu kukoje?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Kuna upepo," akasema Siwema.

"Nikipanda nitakuwa nani?"

"Hutakuwa mtu yeyote," akasema Hemedi. "Utakuwa umepanda tu. Lakini vitumbua vimebaki."

Kijana akafikiri. Kisha akavua helmeti, akavua tai, akavua viatu vyake vya kung'aa, na wale wawili wakaishusha ngazi. Aliposhika ngazi akaona inacheza, mguu mmoja wa ngazi haukukaa sawa kwenye kokoto. Akatazama huku na huku, hakuona cha kuwekea. Akaikunja ile barua ya cheo mara mbili, akaikunja tena, akaisokomeza chini ya mguu wa ngazi. Akaitikisa. Ilikuwa imara. Akapanda.